Je, Wajua? Jimbo la Kilutheri: Nani Huliongoza, Nani Hushika Funguo

Kishushe iko katika eneo la Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta, mahali milima ya Taita inaposhuka kuelekea Mbuga ya Tsavo Magharibi. Wengi huijua kwa mawe ya chuma, ranchi na ndovu. Kwa mambo ya ibada, pande hizi jina linalosikika zaidi ni la Waanglikana na Wakatoliki. Hata hivyo, historia ya Walutheri wa Afrika Mashariki ilipita vilimani kwetu kabla ya kufika Kilimanjaro, na majirani zetu ng'ambo ya Taveta wamejenga mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Leo tunauliza: kanisa hilo hupangwa vipi? Jimbo ni nini, nani huliongoza, na muumini wa kijijini ana sauti gani? Soma, kisha mwulize na jirani yako.

NJIA ILIPITA TAITA

1. Je, wajua kwamba mmisionari Mzungu wa kwanza kuingia Taita alilelewa katika Kanisa la Kilutheri? Ni Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka 1820 Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea Basel, Uswisi, kisha akatumwa Afrika na CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza. Mwaka 1847 alifika Kadiaro, mlima ambao leo twauita Kasigau.

2. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara. Tarehe 11 Mei, akiwa ameshaipita milima ya Taita na kuelekea Taveta, aliona weupe juu ya mlima mrefu. Ilikuwa theluji ya Kilimanjaro, na yeye ndiye aliyeipelekea Ulaya habari hiyo.

3. Huko London hawakumwamini. Mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Cooley hakuwahi kukanyaga Taita wala Uchagani. Bwana Kheri na wenyeji wa mlimani hawakuulizwa.

4. Mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa Mlutheri wa Württemberg. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye yeye na Rebmann walianzisha kituo cha Rabai.

5. Rebmann alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafariki Korntal, Ujerumani.

6. Je, wajua kwamba Walutheri wa Bavaria waliwahi kuwa na vituo Kenya kabla ya reli? Walianzia Jimba, karibu na Rabai, mwishoni mwa miaka ya 1880, kisha wakapanda Ukambani hadi Ikutha. Kazi hiyo baadaye ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia viliikatiza, na vituo vya Ukambani vikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission.

7. Kwa nini basi Taita ikawa ya Waanglikana? Mwaka 1883 CMS ilimtuma J. A. Wray kuanzisha kituo Sagalla, juu ya Voi. Mbegu hiyo ilikua, na mwaka 1993 Kanisa Anglikana la Kenya likaipa Taita Taveta dayosisi yake, makao yakiwa Voi.

8. Na kwa nini Kilimanjaro ikawa ya Walutheri? Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ulioiacha Taveta upande wa Waingereza na mlima upande wa Wajerumani. CMS iliyokuwa Moshi ilijikuta chini ya serikali ya Wajerumani, ikaondoka mwaka 1892. Mwaka 1893 Leipzig ikaingia Machame. Mstari uliochorwa na wakoloni uliamua pia nani angesalia wapi.

NGAZI KWA NGAZI

9. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, limepangwa kwa ngazi tano: mtaa, usharika, jimbo, dayosisi na Kanisa zima. Anayezielewa ngazi hizi anajua shida yake aipeleke mlango upi.

10. Tuichukue Kishushe kwa mfano. Familia chache zinaanza kusali pamoja chini ya mwinjilisti. Hapo ni mtaa. Wakiongezeka, wakaweza kumtunza mchungaji na kuendesha shughuli zao, wanaomba kuwa usharika. Sharika kadhaa za eneo moja ndizo huunda jimbo. Majimbo kwa pamoja ni dayosisi. Hakuna ngazi inayoanzia hewani. Zote husimama juu ya zile familia za kwanza.

11. Usharika huongozwa na mchungaji pamoja na baraza la wazee wa kanisa. Wazee hao ni waumini wa kawaida: mkulima, mwalimu, mama wa dukani, fundi. Huchaguliwa na wenzao, hutembelea wagonjwa, husuluhisha ugomvi wa nyumba na husimamia sadaka. Mchungaji akihamishwa, wao hubaki. Ndio kumbukumbu ya usharika.

12. Jimbo lipo kwa sababu askofu mmoja hawezi kuifikia kila madhabahu. Dayosisi inaweza kuwa na sharika nyingi zilizotawanyika mlimani na tambarare. Jimbo hulileta kanisa karibu na mtu: darasa la wazee wa kanisa, semina ya walimu wa kipaimara, mashindano ya kwaya, mkutano wa wanawake. Mengi ya hayo hufanyika jimboni.

13. Je, wajua kiongozi wa jimbo huitwaje? Ni Mkuu wa Jimbo, naye ni mchungaji. Hupatikana kwa utaratibu wa katiba ya dayosisi yake. Huwasimamia wachungaji wa eneo lake, hukagua sharika, huongoza vikao vya jimbo, hupatanisha usharika uliogawanyika na humpa askofu taarifa. Mkuu wa Jimbo mwema hujulikana kwa vumbi la viatu vyake, maana kazi yake kubwa ni kutembelea.

14. Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao makuu Moshi, ina majimbo ya Hai, Siha, Kilimanjaro Kati, Kilimanjaro Mashariki na Karatu. Jimbo la Kilimanjaro Mashariki, upande wa Marangu na Mamba, ndilo jirani wa karibu wa Taveta. Karatu nayo iko mbali kabisa, upande wa Ngorongoro. Hapo ndipo unapoona kwa nini askofu anahitaji wakuu wa majimbo.

15. Mwenye kauli ya mwisho katika dayosisi ni nani? Wengi watasema askofu. Kwa kweli chombo cha juu ni Mkutano Mkuu, wanakokaa pamoja wachungaji na wajumbe waumini kutoka sharika. Baina ya mkutano mmoja na mwingine, Halmashauri Kuu hushika usukani. Askofu huongoza, akisaidiwa na msaidizi wake, katibu mkuu na mtunza hazina, lakini naye yuko chini ya katiba.

16. Mkuu wa KKKT huchaguliwa kutoka miongoni mwa maaskofu wa dayosisi, na huendelea kuiongoza dayosisi yake. Kipindi kimoja ni miaka 4. Tangu kuungana kwa Kanisa mwaka 1963, kiti hicho kimekaliwa na Stefano Moshi, Sebastian Kolowa, Samson Mushemba, Alex Malasusa, Fredrick Shoo, kisha Malasusa tena, aliyechaguliwa upya Agosti 2023.

17. Mwaka 1963 haukuzaa dayosisi zote tulizo nazo leo. Tarehe 19 Juni makanisa 7 ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana: kutoka Kaskazini, Usambara na Digo, Uzaramo na Uluguru, Kusini, Iramba na Turu, Mbulu, na Buhaya. Kabla ya hapo yalikuwa yakishirikiana katika shirikisho tangu 1938. Leo dayosisi zimepita 20, na makao makuu ya Kanisa zima yako Arusha.

CHIMBUKO LA UTARATIBU

18. Ukaguzi wa sharika unaofanywa na Mkuu wa Jimbo una karibu miaka 500. Mwaka 1527 na 1528 Martin Luther na wenzake walizunguka sharika za Saxony, Ujerumani, kuona hali halisi. Philipp Melanchthon akaandika mwongozo wa wakaguzi mwaka 1528. Kutokana na ziara hizo wakawekwa wasimamizi wa maeneo, wachungaji waliowaangalia wachungaji wenzao.

19. Walichokikuta kiliwauma. Wanakijiji wengi hawakujua hata Baba Yetu, na wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Luther hakuishia kulalamika. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho mpaka leo watoto wa kipaimara hukisoma Moshi, Kisii na Nairobi. Ziara ya kikazi ilizaa kitabu cha kufundishia.

20. Je, wajua hazina ya usharika iliwahi kufungwa kwa kufuli nne? Mwaka 1523 mji wa Leisnig, Saxony, uliweka sanduku moja la mali ya kanisa, na Luther mwenyewe akaandika utangulizi wa utaratibu wake. Ufunguo mmoja ulishikwa na makabaila, wa pili na baraza la mji, wa tatu na wenyeji wa mjini, wa nne na wakulima wa vijijini. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki.

21. Wasimamizi wa sanduku hilo walikuwa 10, na 3 kati yao walikuwa wakulima. Walipaswa kutoa hesabu mbele ya mkutano wa watu wote. Fedha zililipa wachungaji, zikawatunza wazee, yatima na maskini, zikaendesha shule. Karne tano zilizopita mkulima alikuwa na ufunguo wa fedha za kanisa. Mkulima wa Kishushe naye asikubali kupungukiwa na haki hiyo.

22. Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, ndilo andiko kuu la imani ya Kilutheri. Kifungu cha 14 chasema mtu asihubiri hadharani wala kutoa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Hivyo mtu hawezi kuamka asubuhi akajitangaza mchungaji wa Kilutheri.

23. Kifungu cha 28 cha ungamo hilohilo kinagusa mamlaka ya askofu. Kazi yake ni kuhubiri Injili, kusamehe dhambi na kutoa sakramenti. Upanga wa serikali haumhusu. Askofu hutumia neno, hatumii nguvu.

24. Na kifungu cha 7 chasema kwamba kwa umoja wa Kanisa yatosha Injili ihubiriwe sawasawa na sakramenti zitolewe ipasavyo. Taratibu za kibinadamu si lazima zifanane kila mahali. Kwa sababu hiyo Walutheri wa nchi moja wana askofu, wa nchi nyingine wana rais, na wote ni Walutheri.

KWA WENGINE MAMBO YAKOJE?

25. Sweden ina dayosisi 13, na Kanisa lake lilitengana na serikali mwaka 2000. Ethiopia ina Mekane Yesus, lililoundwa mwaka 1959. Lina waumini zaidi ya milioni 10, nalo huongozwa na rais. Halina askofu.

26. Kanisa hilo la Ethiopia lilimtoa Gudina Tumsa, katibu mkuu wake aliyekataa kuinyamazia serikali ya kijeshi ya Derg. Aliposhauriwa kukimbilia nje ya nchi, alikataa kuwaacha watu wake. Mwaka 1979 alitekwa na kuuawa. Dhamana ya uongozi huweza kufika hapo.

27. Huko Marekani, Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri, iliundwa Chicago mwaka 1847 na wahamiaji Wajerumani. Mwaka 1854, ilipoona imetapakaa mno, ilijigawa katika majimbo 4. Leo yako 35, na kila moja lina rais wake anayechaguliwa na wajumbe wa sharika: wachungaji na waumini. Majimbo 2 kati ya hayo hayana mipaka ya ardhi. Yaliundwa kwa historia ya lugha na asili ya waumini wake.

28. Ulimwenguni, makanisa mengi ya Kilutheri yameungana katika Shirikisho la Kilutheri Duniani, lililoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Makao yake ni Geneva. Shirikisho hili halina mamlaka ya kumwamuru askofu wa Moshi wala wa Nairobi. Ni ushirika wa makanisa yanayojitegemea.

WALIOTUACHIA SOMO

29. Mara mbili Wajerumani wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tena Vita vya Pili vilipoanza. Mara zote mbili kanisa halikufa. Walimu na wazee wa vijijini waliongoza ibada, wakafundisha, wakazika. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, lakini wenye kanisa walikuwa wenyeji.

30. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kidia, Old Moshi, aliyefika mwaka 1902, alitaka usharika ujengwe juu ya vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari: ukoo, ujirani na rika. Wako waliompinga na wako waliomfuata. Jambo moja aliliona vizuri: kanisa lisilojua majirani hujuaje nani ana njaa?

31. Novemba 1955 Walutheri kutoka pande nyingi za Afrika walikutana Marangu, chini ya Kilimanjaro, safari fupi tu kutoka Taveta. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina yake barani. Hapo viongozi Waafrika walisema kwa sauti yao wenyewe wanataka kanisa la namna gani.

32. Je, wajua kwamba wamisionari wa Leipzig hawakuja na maaskofu? Cheo hicho kilishika mizizi Tanganyika miaka ya 1960. Bukoba ilimpata Bengt Sundkler wa Sweden kuwa askofu mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia nafasi Josiah Kibira, mwenyeji.

33. Kibira huyo, mwana wa Buhaya, mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alichaguliwa Dar es Salaam, katika mkutano mkuu wa kwanza wa Shirikisho kufanyika Afrika. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Aliongoza hadi 1984.

34. Kugawa dayosisi huweza kuumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgogoro wa Wameru wa Tanzania waliotaka dayosisi yao, nje ya Dayosisi ya Kaskazini, ulileta vurugu na uharibifu wa mali. Dayosisi ya Meru ilipatikana mwaka 1992, lakini majeraha yalichukua muda kupona. Mipaka ya kanisa ichorwe kwa mazungumzo na subira.

35. Ng'ambo ya Ziwa Jipe, ambalo maji yake twayagawana na Tanzania, iko Dayosisi ya Mwanga. Askofu wake wa kwanza, Chediel Sendoro, alifariki kwa ajali ya barabarani Septemba 2024. Kanisa lenye katiba huomboleza, kisha huendelea, kwa sababu nafasi ya uongozi ina utaratibu wa kujazwa.

36. Wanawake walianza kubarikiwa kuwa wachungaji katika KKKT mwaka 1991, baada ya Kanisa kulikubali jambo hilo. Dayosisi hazikuanza zote kwa pamoja. Kabla ya hapo wanawake walikuwa tayari wakibeba usharika: kwaya, shule ya Jumapili, wagonjwa, na sehemu kubwa ya sadaka.

NA KENYA JE?

37. Kenya ina makanisa mawili makuu ya Kilutheri. Moja ni Evangelical Lutheran Church in Kenya, ELCK, lililoanzia Itierio, Gusii, mwaka 1948 kwa kazi ya wamisionari wa Sweden. La pili ni Kenya Evangelical Lutheran Church, KELC.

38. KELC ni mtoto wa Tanzania. Lilitokana na Walutheri waliovuka mpaka kutafuta kazi na biashara Nairobi na Mombasa, likaanza kama sinodi ya KKKT, kisha likajitegemea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barabara na reli za kupitia Voi na Taveta hazikubeba mizigo peke yake. Zilibeba pia vitabu vya nyimbo.

39. Makanisa haya mawili hayakubaliani katika yote. KELC huwabariki wanawake kuwa wachungaji, ELCK haifanyi hivyo. Mwaka 2005 askofu wa ELCK, Walter Obare, alikwenda Göteborg, Sweden, akamweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu wa kundi lililopinga msimamo wa Kanisa la Sweden kuhusu uchungaji wa wanawake. Wako waliompongeza na wako waliokasirika. Waliopelekewa misheni mwaka 1948 sasa walikuwa wakipeleka wao.

40. Kaskazini mwa Kenya, huko Kakuma, Shirikisho la Kilutheri Duniani limehudumia wakimbizi tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992: shule, ulinzi wa watoto, mipango ya makazi. Hapo hawaulizi dini ya mtu kabla ya kumpokea.

SADAKA NA HESABU

41. Uchagani na Upareni, baada ya ibada ya Jumapili, mara nyingi hufuata mnada. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mayai, kuku au maziwa. Mwingine hununua, na fedha huingia kikapuni. Kwa njia hiyo hata asiye na shilingi mfukoni hutoa.

42. Sehemu ya sadaka hubaki usharikani, na sehemu hupanda juu kwa viwango ambavyo dayosisi imekubaliana. Ndiyo hulipa mishahara, husomesha wachungaji na huwezesha sharika changa kusimama. Usharika wenye uwezo humbeba mwenzake dhaifu. Bila hilo, mtaa wa nyikani kama ule wa mfano wetu wa Kishushe usingeweza kukua hadi kuwa na mchungaji.

43. Umoja wa namna hiyo ndio uliozaa mambo makubwa. Chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, kilifunguliwa mwaka 1954, na leo ni chuo kikuu. Hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, na wapo wagonjwa wa kutoka upande wetu wa mpaka waliotibiwa huko. Usharika mmoja peke yake usingeweza kujenga hata wodi moja ya hapo.

44. Je, wajua kaunti yetu nayo ina ngazi? Taita Taveta ina maeneo bunge 4 na wadi 20, na Kishushe imo katika wadi ya Wumingu na Kishushe. Anayejifunza kumhoji mzee wa kanisa kuhusu hesabu za Jumapili atajua pia kumhoji mwakilishi wake wa wadi kuhusu barabara, maji na fedha za madini.

NENO KWAKO, MSOMAJI

Uwe Mlutheri, Mwanglikana, Mkatoliki au wa dhehebu lingine lolote, kanisa lako lina katiba, lina vikao na lina watu uliowakabidhi dhamana. Itafute hiyo katiba uisome. Jua jina la kiongozi wa eneo lako na kipindi chake kinaisha lini. Hudhuria mkutano wa mwaka, na hesabu zinaposomwa, sikiliza, kisha uliza kwa adabu lile usilolielewa. Ukiombwa kuwa mzee wa kanisa, usikimbie, kwani nafasi ikikosa mwaminifu huchukuliwa na mwenye tamaa. Na wewe kiongozi unayesoma safu hii, nenda ukawatembelee watu wako wa mtaa wa mbali zaidi kabla mwezi huu haujaisha. Wao ni haki yao kukuona, na wewe ndiyo kazi uliyoitiwa.